Saa Moja, Manahodha Wengi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika ishirini, na mada yenyewe ni saa. Basi nikipitisha muda sitakuwa na udhuru wowote.

Wapo siku hizi wapenzi wa saa ambao huwa na saa moja ya mkono ya shirika. Mmoja huivaa safarini, kisha humkabidhi mwenzake wa nchi nyingine, naye huyo humkabidhi wa tatu, hata saa ikauzunguka ulimwengu bila ya kuwa mali ya mtu mmoja. Wengi wakisikia habari hiyo hucheka. Huuliza: kuna faida gani kushirikiana saa, hali kila mtu anaweza kununua yake?

Mimi nataka kuwaonyesha kwamba kushirikiana saa si mchezo. Zamani maisha ya mabaharia wengi yalitegemea saa moja iliyotoka mkononi mwa nahodha huyu na kuingia mkononi mwa nahodha yule. Wahenga wetu walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi tutazame ni kitu gani kilichoizuia saa yenye manahodha wengi isiende mrama. Na ile iliyokwenda mrama, ilipungukiwa na nini.

Kwanza niwaeleze kwa nini baharia alihitaji saa. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa kila dakika 4. Chukueni mfano wa Tanga na Kigoma. Miji hii miwili iko karibu sawa kwa umbali kutoka ikweta, lakini Tanga iko mashariki zaidi kwa digrii 9 na nusu hivi. Redio ni ile ile na saa za ofisi ni zile zile, lakini jua hufika utosini Tanga dakika 38 kabla ya kufika utosini Kigoma. Sasa igeuzeni hesabu hiyo. Mtu akiwa Kigoma, naye amechukua saa iliyotegwa kwa jua la Tanga, akaona jua liko utosini kwake wakati saa ile inaonyesha saa sita na dakika 38, atajua bila ya kupima ardhi kwamba yuko digrii 9 na nusu magharibi ya Tanga. Hiyo ndiyo longitudo.

Latitudo haikuwa na taabu kubwa. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walijua tangu kale kupima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi uliopigwa mafundo. Lakini longitudo iliwashinda mataifa yote, kwa sababu hapakuwa na saa iliyoweza kustahimili bahari. Saa nzuri za siku hizo zilikwenda kwa uzito unaoning'inia, na merikebu ikiyumba, saa nayo huyumba. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, na watu zaidi ya elfu moja wakafa maji. Mwaka 1714 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kutoa zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini, na ikaundwa Bodi ya Longitudo kusimamia jambo hilo.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa mtoto wa seremala na mwenyewe seremala, John Harrison, aliyezaliwa mwaka 1693. Alifanya kazi hiyo maisha yake yote. Saa yake ya nne aliimaliza mwaka 1759, nayo ilifanana na saa kubwa ya mfukoni, upana wake kama sentimita 13. Ilipopelekwa Jamaika mwaka 1761, baada ya siku 81 ilionekana kuchelewa sekunde 5 tu, ikiisha kuhesabiwa kawaida yake ya kila siku.

Maneno hayo, "kawaida yake ya kila siku," nawaomba myashike, maana ndiyo kiini cha hotuba yangu. Hapana saa isiyokosea. Kila saa ina tabia yake: hii huwahi sekunde 2 kwa siku, ile huchelewa sekunde 4. Mabaharia hawakujaribu kuirekebisha saa kila ilipokosea, maana kuigusa-gusa ndiko kuiharibu. Waliipima bandarini kwa siku nyingi, wakaandika kosa lake katika daftari, kisha wakaiacha iende vile vile ilivyo. Tuseme saa huchelewa sekunde 4 kwa siku. Baada ya siku 60 itakuwa imechelewa sekunde 240, yaani dakika 4, na dakika 4 ni digrii moja, ambayo kwenye ikweta ni kilomita 111. Mwenye daftari huongeza dakika 4 katika hesabu yake, akafika salama. Asiye na daftari huona mwamba ukiwa chini ya chombo. Saa ni ile ile moja.

Basi saa nzuri ilikuwa ile ambayo kosa lake linajulikana, na limeandikwa, na aliyepokea amesomewa.

Bodi ya Longitudo ilimwagiza fundi Larcum Kendall aige saa ya Harrison. Nakala yake ya kwanza, ambayo leo huitwa K1, ilikamilika mwaka 1769, na mwaka 1772 akapewa Kapteni James Cook kwa safari yake ya pili. Angalieni jinsi ilivyotunzwa. Sanduku la saa lilikuwa na kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao nahodha, wa pili msaidizi wake wa kwanza, na wa tatu mtaalamu wa nyota. Kila siku ilipotiwa ufunguo, wote watatu walipaswa kuhudhuria. Nahodha aliyekuwa na amri juu ya kila roho iliyomo chomboni hakuwa na ruhusa ya kuifungua saa peke yake. Nadhani waweka hazina wa vyama wanaonisikiliza wamenielewa.

Saa hiyo ilivuka maji yenye barafu karibu na ncha ya kusini mwaka 1773, ikapita katika joto la tropiki, na baada ya miaka mitatu ikarudi nyumbani mwaka 1775 ingali inafanya kazi. Cook, ambaye aliondoka na mashaka, alirudi akiisifu. Mwaka 1776 akaichukua tena. Yeye mwenyewe aliuawa Hawaii mwezi Februari 1779, lakini saa haikufa pamoja naye. Wenzake waliirudisha, na mwaka 1787 Arthur Phillip akapewa saa hiyo hiyo katika msafara wa kwanza wa Waingereza kwenda kuishi Australia. Nahodha alikufa, daftari likabaki. Kwa hiyo saa ilipata nahodha mwingine.

Sasa msikilize habari za ndugu yake. Kendall alitengeneza saa ya pili, K2, rahisi zaidi kwa bei na kwa ufundi. Mwaka 1773 alikwenda nayo Constantine Phipps kuelekea ncha ya kaskazini. Baadaye ikapelekwa Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1787 akapewa William Bligh, nahodha wa merikebu iitwayo Bounty, iliyotumwa Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli. Tarehe 28 Aprili 1789 baadhi ya mabaharia, wakiongozwa na Fletcher Christian, waliasi. Bligh na watu 18 wakatiwa katika mashua. Karani wake aliruhusiwa kuchukua karatasi kadhaa, lakini alikatazwa kugusa ramani na saa. Waasi walijua thamani yake. Bligh akavuka bahari zaidi ya kilomita 6,000 mpaka Timor bila ya saa hiyo, kwa dira, kwa chombo cha kupimia jua, na kwa kumbukumbu ya kichwa chake.

Waasi walitafuta mahali pa kujificha wakapata kisiwa cha Pitcairn. Kisiwa hicho kilikuwa kimeandikwa na Philip Carteret mwaka 1767, naye hakuwa na saa ya aina hii; longitudo aliyoiandika ilikosea kwa digrii 3 hivi, kama kilomita 300. Kosa hilo la ramani likawa pazia la waasi. Mwezi Januari 1790 walitia nanga huko, wakaichoma moto Bounty, na kwa miaka 18 dunia isijue walipo.

Na saa je? Ilikaa kisiwani, chombo cha kuongoza safari mahali pasipo na safari. Mwezi Februari 1808 meli ya Kimarekani, Topaz, ilifika. Nahodha wake, Mayhew Folger, alimkuta mwasi mmoja tu aliye hai, John Adams, pamoja na wanawake na watoto. Folger akapewa saa. Haukupita muda, gavana wa Kihispania wa visiwa vya Juan Fernández akamnyang'anya. Ikaingia mikononi mwa watu wa Chile, hata mwaka 1840 Kapteni Thomas Herbert wa manowari Calliope akainunua Valparaíso, akaenda nayo China, na mwaka 1843 ikarudi Uingereza. Leo imewekwa katika jumba la makumbusho ya bahari huko Greenwich.

Zilinganisheni saa hizi mbili. Zote mbili zilitoka mkono kwa mkono, na zote mbili ziliuona ulimwengu. Lakini K1 ilipokelewa kwa ushahidi na kurudishwa kwa hesabu, na kila aliyeipokea aliweza kuitegemea. K2, tangu siku ya uasi, ilipita kwa kunyang'anywa na kwa kuuzwa. Nahodha akipewa saa bila ya maandishi ya kosa lake, amepewa pambo. Hana budi kuanza kuipima upya kama kwamba haijapata kusafiri hata siku moja. Hapo ndipo tunapoona ukweli wa methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. K2 ilikuwa bado ipo, lakini habari zake zilikuwa zimepotea.

Msidhani kuwa jambo hili ni la mabaharia tu. Katika jiji la London jamaa moja iliishi kwa kushirikisha watu saa. John Henry Belville, mfanyakazi wa nyumba ya kupimia nyota ya Greenwich, alianza mwaka 1836 kuwapelekea mafundi saa na wenye maduka majira sahihi, akitumia saa ya mfukoni iliyotengenezwa na John Arnold. Alipofariki mwaka 1856 mjane wake Maria akaendelea, na tangu mwaka 1892 binti yao Ruth, mpaka mwaka 1940. Ruth alikwenda Greenwich, saa ikalinganishwa, naye akapewa hati inayoonyesha imekosea kiasi gani siku hiyo. Kisha akazunguka mjini kwa wateja wake. Hakuwaambia kwamba saa yake haikosei, aliwaonyesha hati. Ndiyo maana walimlipa, hata baada ya simu na redio kuanza kutangaza saa.

Na ninyi vijana mnaosema kwamba hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa simu zenu huwaonyesha mlipo, sikilizeni. Simu hupata habari hiyo kutoka kwenye setilaiti, na kila setilaiti ya kazi hiyo hubeba saa za atomiki. Saa hizo nazo hukosea kidogo. Vituo vilivyoko ardhini huzipima, na kila setilaiti hutangaza, pamoja na majira yake, kosa la saa yake. Yaani lile daftari la mabaharia sasa linasomwa kutoka angani.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa mambo ya hapa kwetu. Shule ni mali ya namna hii. Hakuna aliyekaa humu akawa mwenyewe. Sote tuliivaa kwa miaka michache, kisha tukamkabidhi mwingine. Kila mwaka kiranja mkuu hubadilika, msimamizi wa maktaba hubadilika, na sisi katika chama hubadilisha katibu na mweka hazina. Siku ya kukabidhiana huwa na hotuba nzuri na makofi mengi. Lakini je, anayepokea husomewa kosa la saa? Huambiwa vitabu vingapi havikurudi, darubini ipi ya maabara haionyeshi, bomba lipi huvuja, na ahadi ipi tuliwapa wanafunzi hatujaitimiza? Mara nyingi hatusemi, kwa kuogopa kumharibia jina aliyetangulia. Matokeo yake mpya huanza kupima upya, na anapoanza kujua, muda wake umekwisha.

Kwa hiyo natoa shauri moja, nalo halihitaji mchango wa fedha isipokuwa bei ya daftari. Kila anayeacha kazi katika shule hii au katika chama hiki aandike kurasa mbili: nini kinakwenda vizuri, nini huwahi, nini huchelewa, na kwa kiasi gani. Atie sahihi mbele ya anayepokea na mbele ya shahidi mmoja. Wawe watatu, kama wale wenye funguo. Wala asihesabiwe vibaya aliyeandika makosa mengi. Huyo ndiye aliyeiangalia saa kila siku.

Ninyi wanafunzi, zamu yenu ya kuivaa ni fupi kuliko mnavyodhani. Tieni ufunguo kila siku, na mkiondoka, wasomeeni wenzenu daftari.

Bwana Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha.