Kibali Kwanza, Tiketi Baadaye

(Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi katika semina ya kamati za urafiki za sharika, Arusha)



Tumepewa mada ya viza na vibali kwa wageni wanaokuja kukaa kwetu muda mrefu, na kwa vijana wetu wanaokwenda kukaa kwa wenzetu. Tunajua ni mada ya kusinziza, hasa baada ya chakula cha mchana. Lakini tumeshaona urafiki wa miaka mingi kati ya sharika mbili ukitikiswa na karatasi moja.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita usharika mmoja wa huku mlimani ulipokea vijana wawili kutoka ng'ambo kwa miezi sita. Tiketi zilikatwa mapema kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Barua ya mwaliko tuliiandika sisi ofisini, tukasema wanakuja "kutembelea usharika". Wakaingia kwa viza ya matembezi kupitia KIA, na wiki ya pili wakawa wanafundisha shule ya awali. Wiki ya tatu wakafika maofisa wa Uhamiaji, wakauliza kwa upole kabisa: hawa wanafanya nini hapa? Mzee wa usharika akasema wanatembea. Mwalimu akasema wanafundisha. Vijana wenyewe wakasema wanajitolea. Majibu matatu kwa swali moja, na barua yetu ikawa shahidi dhidi yetu.

Maofisa walifanya kazi yao. Vijana walirudi kwao kabla mwezi haujaisha. Mama aliyekuwa amewapa chumba alikuwa amekopa kwenye kikoba ili ajenge choo cha ndani kwa ajili yao, na deni lile alilimaliza peke yake. Kamati haikumchangia hata shilingi. Hilo nalo tulitaje.

Sasa tuelezane. Viza ni ruhusa ya kuingia nchini kwa sababu iliyotajwa. Viza ya kawaida ya Tanzania ni ya matembezi, haizidi siku 90, na ada yake ni dola 50, au dola 100 kwa Mmarekani. Tangu 2018 huombwa kwa mtandao. Mwenye viza hiyo anaweza kuabudu nasi, kula nasi, kuuona Mlima Meru na kukagua mradi alioufadhili. Hawezi kushika chaki darasani wala sindano zahanati. Anayekuja kuhudumu anahitaji kibali cha ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji, daraja B ni la walioajiriwa, na daraja C ndilo la wamisionari, wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Aidha, tangu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na wanaofanya kazi katika taasisi za dini na za hisani wana daraja lao, D. Tumesikia mara nyingi maneno haya: "Halipwi mshahara, basi hahitaji kibali." Si kweli. Sheria inaangalia kazi anayoifanya, hata kama hapokei senti.

Kuna na njia ya Namanga, ambayo wengi wenu mnaijua ingawa hapa mmenyamaza. Mgeni akikaribia siku 90 anapandishwa gari, anavuka kwenda Kenya, anagongewa muhuri, anarudi jioni akiwa na siku nyingine. Ndugu zetu, hata akipewa siku hizo, bado ni za matembezi. Na ofisa anayefunua pasipoti yenye mihuri mitatu ya Namanga haoni mtalii. Anaona mtu anayeishi Tengeru na kukwepa kibali.

Kwa hiyo barua ya mwaliko iseme kweli. Iseme mgeni ni nani, atafanya kazi gani, wapi, kwa muda gani, nani atamlaza na nani atamlisha. Ipite ofisini kwetu kabla haijatumwa, maana taasisi iliyosajiliwa ndiyo inayomwombea, na cheti cha usajili hakiko kwa mzee wa kanisa. Kazi hiyo ianze miezi sita kabla. Kibali kikikaribia kuisha, tuambieni miezi miwili mbele. Kuna usharika ulitupigia simu Ijumaa jioni, na kibali kilikuwa kinaisha Jumapili.

Wafadhili wetu, hapa tunasema nanyi. Bajeti nyingi mnazotuletea zina nauli ya ndege, bima, chanjo, na zawadi za watoto. Ada za vibali hazimo, kana kwamba nchi yetu haina mlango. Ada hizo hulipwa kwa dola na hubadilika, na zisipotengewa fungu zinatoka kwenye sadaka ya usharika unaowapokea. Tunaomba ziwe na mstari wake. Watu wa mlima huu wanajua kuchangia safari: mwaka 1952 Kirilo Japhet alipokwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya ardhi ya Engare Nanyuki, Wameru walikuwa wamechanga. Lakini kumchangia mgeni ada ya kibali huku paa la darasa linavuja, hilo ni gumu kwetu kulieleza katika mkutano wa usharika.

Upande wa pili ni vijana wetu. Mpango wa Ujerumani wa kujitolea, weltwärts, ulianza 2008 ukileta vijana wao huku, na mwaka 2013 ukafungua njia ya wetu kwenda kule. Kwa ziara fupi, viza ya Schengen inatosha: siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, ada euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Anayekwenda kwa mwaka mzima haombi hiyo. Anaomba viza ya kitaifa ya Ujerumani, anafika mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole, na akishafika kule huendelea na ofisi ya wageni ya mji anaoishi. Asiende na Schengen akitumaini kuigeuza akiwa kule.

Hata hivyo, safari nyingi za vijana wetu hazikwamii ubalozini. Zinakwamia hapa nyumbani, kwenye jina. Cheti cha ubatizo kina jina moja, cha kuzaliwa kina lingine, cha shule kina la tatu. Pallangyo ina L mbili huku na moja kule. Nnko imeandikwa Nko. Binti ametumia jina la babu shuleni na jina la baba kwenye kitambulisho cha NIDA. Kwetu ni mtu mmoja, na kijiji kizima kinamjua. Ofisa anayesoma karatasi anaona watu watatu. Tulikuwa na binti mmoja, fundi cherehani hodari, aliyekwisha kuchaguliwa na usharika rafiki. Kurekebisha majina, kuanzia kiapo mahakamani hadi RITA, kulichukua muda mrefu hata nafasi yake ikapewa mwingine. Alikuja ofisini kurudisha sanduku aliloazimwa. Hakulalamika, na sisi tulikosa la kumwambia.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza 2018, ada yake ni shilingi 150,000. Kabla kijana hajailipia, kamati iketi naye, iweke vyeti vyake vyote mezani na kusoma majina herufi kwa herufi. Fanyeni hivyo sasa kwa vijana wote mnaofikiria kuwapendekeza mwakani, hata kabla barua ya mwaliko haijaja. Mkiona tofauti, mleteni Jumanne au Alhamisi asubuhi pamoja na mzazi wake, na vyeti halisi, si nakala.