Baraji ni ukuta ao ni maji?

Maneno ya kikundi cha mabwawa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Bunia



Kamati ilituomba tueleze habari ya mabwawa ya samaki. Mnajua wote kilichotokea ule usiku wa mvua mingi. Mnajua pia yaliyosemwa kesho yake, mengine hayakuwa ya kusemwa kati ya ndugu. Leo tunataka kuanzia kwenye neno moja tu: baraji.

Ule usiku mto ulikuwa unapanda. Mzee wetu mmoja, aliyebaki hapa Bunia miaka yote ya vita, alimpigia simu kijana wa zamu, akamwambia: "Toa baraji! Toa baraji mbio!" Simu ikakatika. Kijana yule amekulia ng'ambo ya Ziwa Albert, kule Kyangwali, amerudi juzi tu. Akakimbia mpaka kwenye bwawa la chini, akang'oa mbao zote za muane kwa mara moja. Maji yakatoka kwa nguvu, samaki wakaenda na maji. Asubuhi tukakuta digi imeteleza upande wa ndani, karibu nusu ya unene wake.

Mzee alikuwa anasema kile kizuizi cha mawe na mifuko ya mchanga, kule juu mtoni, kinachogeuza maji yaingie mfereji wetu. Kwake yeye njo baraji. Kingetolewa kile, mto ungepita njia yake na mabwawa yangepona. Lakini kwa kijana, baraji ni Kifaransa cha "dam", na kule Uganda "dam" ni maji yenyewe, bwawa lote. Akaambiwa atoe, akatoa. Na maji ya mto yakaendelea kuingia kwa juu.

Tulimwita mharibifu. Kuna waliosema "hawa watu wa Uganda", na wengine wakajibu "ninyi watu wa site", sawa vile hatukukimbia vita moja. Akina mama wawili walitaka kutoa pesa zao kwenye kasha. Pesa ya samaki ilikuwa ya minervali ya watoto, kwa hiyo hasira tunaielewa. Lakini sisi wa kikundi tumeketi na wote wawili, mzee na kijana, na tunasema wazi: kila mmoja alisema na kusikia Kiswahili cha mahali alipoishi. Kosa ni letu sisi wa kikundi. Tuliwapa zamu bila kupatana majina.

Tena si sisi peke yetu. Tanzania wanasema Bwawa la Julius Nyerere, kule mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, na neno hilo moja linabeba ukuta na maji yote yaliyo nyuma yake. Bwawa dogo la kunyweshea ng'ombe wanaliita lambo. Wapare wa milimani wako na ndiva, ambamo maji ya mfereji yanakusanywa usiku ili mchana yamwagilie mashamba. Kenya kuna watu wanasema silanga. Hata Waingereza wenyewe, kwao "dam" ni ukuta, lakini neno lilipofika Uganda na Kenya likaanza kumaanisha na maji pia. Kifaransa kilichotufikia sisi kinatenga: ukuta ni "barrage", maji yaliyozuiliwa yako na jina lake lingine. Njo maana mtu wa Bunia akisikia baraji anawaza kitu kinachofunga njia. Hata askari wakifunga barabara kwa kamba, tunasema baraji!

Hapa Ituri neno lilipita kwenye dhahabu. Wabelgiji walijenga mtambo wa umeme wa Budana kwenye mto Shari ili kupa migodi ya Kilo-Moto nguvu, na wazee waliofanya kazi kwenye mitambo ya namna ile walirudi nyumbani na maneno: vane, turbini, grili. Wachimbaji wa mikono nao, wakigeuza kijito ili wachimbe chini yake, ule ukuta wao wa udongo na mifuko wanauita baraji. Mzee wetu amechimba zamani. Alisema neno la kazi yake.

Muane nao tuueleze, juu ya wengi waliuliza ni kitu gani. Ni ile nguzo ya betoni yenye kuta tatu, inasimama ndani ya bwawa karibu na digi, na mbele yake mbao zinapangwa moja juu ya nyingine ndani ya mifereji miwili, udongo mzito unashindiliwa katikati. Wafaransa wanaiita mtawa. Katika wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1950, watu walihimizwa sana kuchimba mabwawa ya samaki, na jina likabaki hata pale mabwawa yalipojaa majani. Ubao unatolewa mmoja mmoja, unangoja, kiisha mwingine. Kwa nini? Digi iliyokunywa maji inashikiliwa kidogo na maji yaliyo ndani ya bwawa. Ukiyaondoa mbio, udongo bado umelowana, ni mzito, na hakuna tena kinachousukuma toka ndani. Unateleza. Hicho hasa kimetupata. Hata kama kijana angekuwa na haki ya kumwaga bwawa, kumwaga kwa saa moja kungeua digi. Hatukumfundisha hilo.

Sasa neno kwa wafadhili. Mlituandikia mkiuliza tumetengeneza "dams" ngapi. Mwandishi wetu aliyesoma Uganda alijibu tatu, kwa kuwa mabwawa ni matatu. Ripoti ya pesa, iliyoandikwa na mwingine wa hapa, ilisema baraji moja. Mkatuuliza mbili zimeliwa na nani. Hakuna aliyekula. Kile kizuizi cha mtoni ni kimoja, mabwawa ni matatu, na digi zake mkija tutazihesabu pamoja. Tunaomba tena: plani mkituletea, fundi wenu akae nasi nusu siku pale pale kwenye maji, aonyeshe kila kitu kwa kidole, nasi tuandike jina pembeni. Plani ya kwanza tuliipokea ikiwa nzuri sana, na hakuna mtu wa zamu aliyeweza kuisoma.

Kikundi kimekubaliana hivi, na tunangoja mkutano upitishe. Kile cha mtoni kitaitwa banio, neno la wakulima wa Tanzania, kwa sababu hakuna hapa anayelitumia kwa kitu kingine. Ukuta wa udongo ni digi. Maji ni bwawa. Muane unabaki muane. Neno baraji, kwenye kazi yetu, hatulitumii tena kwa simu.

Pale pa kupitishia maji yaliyozidi tulibishana muda mrefu. Wengine wanasema tropleni. Watanzania wanasema utoro wa maji, na vijana walilipenda, eti maji yametoroka shule. Akina mama wakakataa: utoro ni wa mtu mbaya, na maji yale yanatoka kwa ruhusa. Wao wanataka "mlango wa mvua". Hilo tunawaachia mpige kura leo.

Siku ya posho ni salongo. Tunakata ngazi kwenye udongo wa zamani wa digi ili mpya ushikane nao, tunashindilia tabaka kwa tabaka, kiisha tunapanda majani mafupi juu. Migomba iliyopandwa pale tunaing'oa, mizizi yake inafungulia maji njia. Wenye migomba watusamehe. Kijana wetu na mzee watasimama pamoja kwenye banio, na rangi tumekwisha nunua ya kuandika majina kwenye betoni. Kila mtu aje na jembe lake.