Tairi la Spea Lazima Lifanane na Wenzake
(Maneno ya Kamati ya Usafiri kwenye mkutano wa wanachama)



Kamati ya Usafiri tumepewa nafasi tueleze habari ya tairi la spea la pikapu yetu ya ushirika. Tunaanza na kosa letu wenyewe, maana kosa likifichwa hurudi tena.

Mnakumbuka usiku ule wa masika ya 2024. Pikapu ilikuwa inampeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya. Kabla ya kufika darajani tairi la nyuma likapasuka. Dereva akashusha spea, akapiga jeki, akafungua nati. Kumbe! Boliti za gari ni tano, ringi ya spea ina matundu sita. Haikuingia. Mama yule alikaa gizani karibu saa mbili mpaka pikipiki ilipopatikana. Alifika, akajifungua salama, na mtoto yule leo mnamwona anakimbia hapa uwanjani. Hilo ni la kumshukuru Mungu. Si la kuisifu Kamati.

Spea ile tuliinunua sisi. Tuliiona nene, imeandikwa 16 kama zetu, na bei yake ndogo. Tukaifunga chini ya bodi, wala haikujaribiwa hata siku moja. Yaani tulipima kwa macho. Tangu hapo tumekaa na mafundi, tumeuliza, tumepima. Leo tunaomba mkutano utoe fedha ya kununua spea nyingine, na kabla ya kuomba fedha ni haki yenu kujua safari hii tutachaguaje.

Jambo la kwanza ni ringi. Pikapu za Toyota Land Cruiser kwa mbali zinafanana kama mapacha. Lakini zile za kabla ya 1999 kwa kawaida zina boliti sita, na zilizofuata tangu 1999 zina tano. Yetu ni ya tano. Tena kuhesabu matundu peke yake hakutoshi. Matundu yamepangwa kwa duara, na duara la gari letu lina upana wa milimita 150. Ringi ya gari jingine inaweza kuwa na matundu matano na bado isikae. Kwa hiyo dawa ni moja: ringi ijaribiwe kwenye gari lenyewe kabla ya kulipa. Ifungwe nati zote, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono, tuone kama haligusi breki. Ifanyike mbele na nyuma, maana pancha haichagui upande.

Hapohapo tuangalie nati. Ringi zetu za chuma hufungwa kwa nati yenye ncha ya koni, inayokaa sawasawa kwenye tundu. Ringi nyingi za alumini za Toyota hutumia nati bapa yenye washa. Ukichanganya, nati itaonekana imekaza, kumbe haijashika, na gurudumu litalegea njiani.

Jambo la pili ni namba za tairi. Matairi yetu yameandikwa 7.50R16. Hiyo 7.50 ni unene wa tairi kwa inchi. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Sisi tulisoma 16 tukaridhika! Lipo tairi la 205R16, nalo ni la 16, lakini likisimama karibu na letu ni fupi kwa sentimita kadhaa. Hata hiyo R isidharauliwe. Tairi lenye R lisiwekwe ekseli moja na lile la nyuzi za kukatana, kwa sababu haya mawili hayashiki barabara sawasawa.

Jambo la tatu ni uzito. Baada ya namba hizo kuna nyingine, kwa mfano 116/114. Ile ya kwanza ndiyo yetu, maana kila upande wa gari letu una gurudumu moja. Namba 116 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,250. Namba 100 ni kilo 800. Namba 91, inayoonekana kwenye magari madogo, ni kilo 615. Sasa tupige hesabu. Pikapu yetu ikijaa magunia, gari na mzigo hupita tani 3, na zaidi ya nusu ya uzito huo hulala nyuma. Matairi mawili ya 91 kwa pamoja hubeba kilo 1,230 tu. Si tunaua watu? Spea ya shambani lazima iweze kubeba mzigo wa shambani.

Jambo la nne ni umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. Zikiwa 3217, tairi limetengenezwa juma la 32 la mwaka 2017. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umekauka. Ukiona nyufa ubavuni, liache, hata muuzaji akiapa.

Jambo la tano wengi hawalijui, nasi hatukulijua. Spea mpya kabisa ikifungwa pamoja na matairi yaliyochakaa, hailingani nayo. Kashata zikilika milimita 10, mzunguko wa tairi hupungua karibu sentimita 6. Ni kidogo kwa macho, lakini gurudumu huzunguka mara 400 hivi kwa kila kilomita. Difu inalazimika kufanya kazi muda wote kusawazisha. Na tukiingiza gia ya magurudumu manne, mbele na nyuma vinavutana mpaka kitu kikatike. Basi kama tumelazimika kufunga tairi lisilolingana, tuendeshe polepole, bila gia hiyo, mpaka kwa fundi.

Njia bora ni zamu. Matairi yote matano yazunguke, spea nayo iingie kazini kama mwanachama mwingine yeyote. Hivyo yatachakaa pamoja, na kila likishuka tutajua kama bado linafaa. Spea isiyofanya kazi ndiyo iliyotuaibisha darajani.

Jambo la mwisho ni hatari. Baadhi ya ringi za pikapu hizi zina pete ya chuma inayoshika tairi. Pete hiyo ikiruka wakati wa kujaza upepo inaweza kuua mtu. Upepo utolewe wote kabla ya kufungua, na kujaza afanye fundi mwenye kizuizi cha chuma. Vijana wetu wasijaribu, na watoto wasisogee.

Ndugu wanachama, tunaomba mkubali mambo manne:

1. Inunuliwe ringi moja ya matundu matano na tairi la 7.50R16 lenye namba 116, baada ya kujaribiwa hapa kijijini mbele ya wajumbe wawili wasio wa Kamati.

2. Ringi ya matundu sita iuzwe, na fedha iingie kwenye mfuko wa ushirika.

3. Kila mwezi dereva apime upepo wa spea na kuhakikisha jeki na spana vimo garini, aandike daftarini. Kila gurudumu likifungwa upya, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

4. Daftari hilo litundikwe hapa ukutani, kila mtu alisome.

Rahisi ni ghali, wazee walisema, nasi tumelipa. Gari hili leo limebeba mahindi, kesho litambeba mgonjwa, na mgonjwa huyo anaweza kuwa yeyote kati yetu tuliokaa hapa. Usiku ule akina mama walituuliza: "Nyie mlinunua tairi au mlinunua pambo?" Hatukuwa na jibu. Safari hii tunataka tuwe nalo.



Kamati ya Usafiri