Erosoli na Hesabu ya Maikromita Tano



Katika semina moja ya idara yetu, daktari ninayemheshimu sana alinikatiza: "Profesa, erosoli ni yale makopo ya dawa ya mbu. Mgonjwa anayekohoa hutoa matone, na matone huanguka kabla ya kufika mita mbili." Mhadhara huu ni jibu langu kwake.

Kwenye makopo sitakawia. Mnajua kwamba erosoli ni chembe ndogo, ngumu au za majimaji, zinazoelea katika gesi: ukungu, moshi wa jikoni, vumbi la barabarani, chumvi inayorushwa na mawimbi. Kopo la manukato na inhela ya pumu ni vifaa vya kuitengeneza tu. 

Ugomvi wangu ni na tarakimu moja: 5. Vitabu vya tiba vilishikilia kwamba chembe iliyozidi maikromita 5 ni tone na huanguka karibu; iliyo ndogo zaidi ndiyo huelea. Haya, tupige hesabu. Katika hewa iliyotulia, chembe ya maikromita 5 ikitoka mdomoni mwa mtu aliyesimama huchukua kama nusu saa kufika sakafuni. Inayoanguka kwa sekunde chache ni ya maikromita 100. Wamekosea mara ishirini!

Ile 100 ni ya William Wells, mhandisi wa afya ya jamii wa Marekani, aliyoiandika mwaka 1934. Mniwie radhi nikimsifu kupita kiasi. Ndiye aliyeonyesha kwamba tone dogo hukauka kabla ya kutua, likabakiza kiini chepesi kinachoelea na vijidudu vyake. Lakini tangu 1910 Charles Chapin, afisa wa afya wa Marekani, alikuwa amewaaminisha madaktari kwamba maradhi huambukizwa kwa kugusana na kukaribiana, na kwamba hofu ya hewa ni ushirikina wa kale. Wells hakusikilizwa. Baadaye yeye na mwenzake Richard Riley walipitisha hewa ya wodi ya kifua kikuu huko Baltimore hadi kwenye chumba cha simbilisi. Wanyama wale hawakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja, na bado waliambukizwa. Wenzao waliovuta hewa ileile baada ya kupigwa mionzi ya urujuanimno walisalimika. Jaribio zuri kama hilo sijalisoma tena.

Na 5 ilitoka wapi? Ilihusu chembe zinazoweza kupenya hadi vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, ambako kifua kikuu huanzia. Waliofuata wakachanganya kupenya na kuelea, na mchanganyiko huo ukafundishwa kwa miongo. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliutangazia ulimwengu kwamba UVIKO-19 hauenei kwa hewa. Julai wanasayansi 239 wakalisihi libadili msimamo.

Bibi yangu alipofukiza udi ukumbini, wageni walioketi barazani walijua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba moshi wake unaishia mita mbili.

Nakubali kwamba aliye karibu na mkohozi ndiye aliye hatarini zaidi, na kwamba kunawa mikono hukinga kuhara. Dirisha wazi, ambalo ndiyo dawa yangu ya kuondoa hewa yenye vijidudu, nalo huleta mbu, vumbi na wezi, na siku isiyo na upepo faida yake hupungua. Nimeyapima yote hayo. Bado nasema dirisha kwanza, mengine baadaye.

Ukumbi huu tuliomo una vioo visivyofunguka na viyoyozi vinavyozungusha hewa ileile. Ramani za madarasa mapya bado ziko mezani kwako, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Nakuomba usizitie saini kabla hazijawekewa madirisha yanayofunguka, tena pande mbili zinazoelekeana.