Siku ya Kukabidhi Ofisi

Dominika ya 25 ya Mwaka C



Injili ya leo, Luka sura ya 16, yatuonyesha wakili aliyejua kwamba siku zake kazini zimekwisha. Kabla ya kutoka aliwaita wadeni wa bwana wake, akawaandikisha hati upya kwa hesabu pungufu, ili wampokee nyumbani mwao baadaye. Alijinunulia kesho yake kwa karatasi za mtu mwingine. Bwana aliusifu werevu wake, wala si udhalimu wake.

Jaribu hilo lingali nasi. Machi 1993, José Ignacio López, mkuu wa ununuzi wa kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani, alihamia kwa mshindani, Volkswagen ya Ujerumani. Kampuni aliyoiacha ilidai kwamba yeye na wenzake walichukua nyaraka za siri. Alikana, na kesi yake Ujerumani ilifungwa mwaka 1998 bila yeye kutiwa hatiani. Lakini ugomvi wa kampuni hizo ulidumu karibu miaka minne, hata Januari 1997 Volkswagen ikakubali kulipa dola milioni 100 na kununua vipuri vya dola bilioni 1 kwa mwenzake.

Sisi hatumhukumu mtu, tujihoji wenyewe. Ujuzi ulioupata kwa jasho ni wako, wala tajiri asikufungie riziki kwa sababu yake. Lakini daftari la wateja na orodha ya bei ulizokabidhiwa ni amana. Karani anayelinakili daftari usiku ili kulipeleka duka shindani hujitetea: “Si niliandika mwenyewe?” Naam, mwandiko ni wako, daftari si lako. Nanyi makatekista mwajua: rejista ya ubatizo, hata ukiijaza miaka 20, ni ya parokia.

Naye tajiri mpya asijidai msafi. Apokeaye kilichoibwa ameshiriki wizi. Na mlango uliomletea siri za jirani ndio utakaozitoa zake.

Ndugu yangu, amri ya saba haitimizwi kwa majuto peke yake. Kilichochukuliwa sharti kirudishwe. Kama kimo kabatini mwako, kirudishe juma hili, ijapokuwa kwa haya na kwa hasara. Sote tutakabidhi ofisi ya maisha haya kwa Bwana. Heri atakayetoka mikono mitupu, na moyo mweupe.

Mungu awabariki. Amina.