Kusoma Hadithi za Wezi na Wauaji

Je, mkristu aweza kusoma hadithi za wizi na mauaji? Aweza, ila aulinde moyo wake. Mwingereza G. K. Chesterton, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922, alikuwa ametoa mwaka 1911 kitabu cha hadithi za Padri Brown, padri mfupi, mnyenyekevu, afichuaye wahalifu. Hila zao azijua, maana amesikia maungamo mengi. Lakini hawatakii kitanzi, awatakia toba. Ndivyo Flambeau, mwizi mashuhuri, aachavyo wizi kwa kuonywa naye. Basi, ufungapo kitabu, ujiulize: Nauchukia uovu na kumhurumia mwovu? Au natamani kutenda kama yeye? Kikikutamanisha dhambi, kiache.