Sikio Halina Kipuri

Maneno ya ofisa wa uhusiano wa polisi na raia mbele ya wafanyakazi, mafundi na wenye viwanda vidogo vya Rumonge



Huenda baadhi yenu mnajiuliza askari polisi ana shughuli gani na masikio ya watu. Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya wizi, ulevi na ajali za barabarani. Jibu langu ni fupi. Kazi ya polisi imejengwa juu ya kusikia. Filimbi, honi, king'ora na sauti inayosema "Simama!" gizani, vyote hivyo vinamtegemea mtu mwenye masikio mazima. Aliyepoteza usikivu wake anatembea katika hatari ambayo haionekani kwa macho. Na hapa kwetu, kazi zinazoweza kuula usikivu wa mtu ndizo zilezile zinazomlisha.

Lugha yetu ya Kiswahili ina jambo moja la kutufikirisha. Neno "kusikia" lina maana mbili: kupokea sauti na kutii. Mama akisema "mtoto huyu hasikii," hamaanishi kwamba mtoto ni kiziwi. Wahenga nao walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya hekima, lakini haikumtungiwa mtu aliyekaa miaka kumi na mitano kando ya injini ya kukamulia mawese. Huyo hasikii kwa sababu sikio lake limechakaa. Jioni anarudi nyumbani, askari anamwita kutoka nyuma, hageuki. Anaitwa mara ya pili, bado anakwenda. Askari asiyejua atadhani amedharauliwa, au mtu huyo amelewa, au anakimbia sheria. Nyumbani mkewe atadhani amechukiwa, na kazini tajiri atasema amekuwa mvivu na mkaidi. Watu watatu wamemhukumu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za masikio yake.

Tuangalie basi kazi zetu. Rumonge ni mji wa michikichi na wa ziwa. Katika viwanda vya kukamua mawese injini za dizeli zinanguruma, na kijana anayelisha mashine husimama hatua mbili tu kutoka hapo. Mashine za kusaga mihogo na mahindi hufanya kazi ndani ya vyumba vidogo vya matofali, ambamo sauti hugonga ukuta na kumrudia msagaji. Mafundi wa vyuma hukata, hupiga nyundo na kusaga chuma. Maseremala hupasua mbao kwa misumeno ya umeme. Katika boti zinazopita pwani hii, na zile zinazovuka kwenda upande wa Kongo, mwendesha injini hukaa kando yake safari nzima. Na wanaojenga barabara namba 3, inayotoka Bujumbura ikapita hapa kwenda Nyanza-Lac, hushinda na mashine za kuchimba na kushindilia udongo.

Madhara ya kelele hizo hutokea namna gani? Ndani ya sikio, mahali pa ndani kabisa, kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna chembe ndogo zenye vinywele, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huzilaza chembe hizo kama upepo unavyolaza mpunga. Kelele ikiisha mapema, nyingi huinuka tena. Ndiyo sababu mtu hutoka kazini masikio yameziba na asubuhi yakafunguka. Lakini zikilazwa kila siku, zinakufa, na kwa binadamu chembe iliyokufa haioti tena. Injini ikiharibika mtanunua vipuri Bujumbura au Kigoma. Sikio halina kipuri.

Ubaya mwingine ni kwamba uziwi wa namna hii huja taratibu, bila maumivu na bila damu. Huanza na sauti nyembamba: sauti za watoto, mlio wa simu, ndege wa alfajiri. Katika maneno, irabu hubaki lakini konsonanti kama s, t, k na f hupotea, hata "saa," "taa" na "kaa" zikawa neno moja. Ndipo mtu husema, "Nakusikia, ila sielewi unasema nini." Wengine hupata mlio usiokwisha masikioni, kama wa nyenze, unaowanyima usingizi. Anapokuja kutambua kwamba hasikii vizuri, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1713 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya wafua shaba wa Venice, ambao kugonga chuma mchana kutwa kuliwafanya viziwi uzeeni. Mwaka 1886 huko Glasgow, daktari Thomas Barr aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakitengeneza matangi ya mvuke, na hakukuta hata mmoja mwenye usikivu kamili, ilhali wapeleka barua wa mji huohuo walisikia vizuri zaidi. Karibu na kwetu, watafiti nchini Tanzania walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kuwapima wafanyakazi wa viwanda vya chuma: 48 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa usikivu. Walipowapima walimu wa shule za msingi kwa kulinganisha, walikuta 31 katika kila 100. Tofauti hiyo inatuonyesha mzigo wa kelele za kiwandani.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini wanashauri mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Na sauti ikipanda desibeli 3 tu, nguvu yake imeongezeka maradufu, hivyo muda nao hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Yaani katika kelele ya desibeli 100, kijana aliyeanza kazi saa moja asubuhi amekwisha kupokea posho yake ya siku nzima kabla ya saa moja na nusu.

Mtasema, "Afande, sisi hatuna chombo cha kupimia." Kipo, nacho ni koo lako. Simama mbali na mwenzako kiasi cha urefu wa mkono. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili akusikie, kelele hiyo imefika mahali pa hatari. Na ukitoka kazini masikio yakilia au yameziba, sikio limekwisha kutoa ushahidi.

Sasa tufanye nini? Nitaanza na wenye mashine, kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kwanza. Dawa bora ni kuipunguza kelele inapozaliwa. Tengenezeni sailensa iliyotoboka. Kazeni bolti zinazocheza, pakeni grisi, wekeni mpira mzito chini ya injini ili isitikise sakafu. Injini ikiweza kukaa nje, nyuma ya ukuta, na mkanda ukapita kwenye tundu, msagaji atakuwa amepumzishwa sana, mradi mkanda huo ukingwe usimnase mtu. Umbali nao ni kinga: mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye injini, sauti hushuka kiasi cha desibeli 6. Basi anayepanga madumu hana haja ya kuyapangia kando ya injini, wala mama anayesubiri unga wake hana haja ya kusubiri mlangoni na mtoto mgongoni. Pia wapeni vijana zamu, ili mtu mmoja asikae na mashine tangu asubuhi hadi jioni.

Baada ya hayo ndipo vinakuja vizibo na vifuniko vya masikio. Pamba tuliyoizoea haitoshi; huzuia kelele kidogo sana na kumpa mtu imani ya uongo. Kizibo cha sponji kina namna yake. Nawa mikono kwanza, hasa wewe uliyeshika mafuta. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kiasi cha nusu dakika kipanuke. Kikining'inia nje, hakikukingi. Na usikivue katikati ya kelele ili uzungumze. Toka nje kwanza.

Hayo si hisani ya tajiri kwa kibarua. Sheria yetu ya kazi, iliyofanyiwa marekebisho tarehe 24 Novemba 2020, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa anaowaajiri, na wakaguzi wa kazi wapo kwa ajili hiyo. Mfanyakazi aliyeandikishwa katika taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, ana mlango wa kubisha anapopata ajali ya kazi au ugonjwa utokanao na kazi. Basi wenye viwanda, waandikisheni watu wenu. Tazameni pia majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2007. Kenya ilitunga kanuni za kelele mahali pa kazi mwaka 2005: mfanyakazi asipite desibeli 90 kwa saa 8, na pale kelele inapozidi 85, mwajiri awe na mpango wa kulinda usikivu. Walioandika kanuni hizo walikuwa na viwanda vidogo na injini kuukuu kama sisi.

Nawageukia vijana. Najua mnachoambiana: kwamba mwanamume wa kweli haogopi kelele, na kwamba masikio "yamezoea." Ndugu zangu, sikio halizoei kelele. Ukiona kelele iliyokuudhi mwaka jana haikuudhi tena mwaka huu, huenda usikivu umeanza kuondoka. Yule unayemwona shujaa leo, kesho hatasikia honi ya lori nyuma ya baiskeli yake, wala injini ya boti nyingine gizani ziwani, wala mwenzake anayepiga kelele "Zima mashine!" wakati nguo ya mtu imenaswa na mkanda. Mkisha kuona dalili nilizozitaja, nendeni hospitali mkapimwe, na mwambieni daktari kazi mnayoifanya.

Neno langu la mwisho ni kwa askari wenzangu, nami nalisema hadharani ili raia wawe mashahidi. Sisi nasi ni wafanyakazi wa kelele. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na mlio mmoja waweza kuliumiza sikio; kinga ya masikio katika uwanja wa shabaha ni wajibu sawa na kuiheshimu silaha. Kwa hiyo tusiwe wagumu wa kuelewa. Unapomwita mtu naye hageuki, usikimbilie kudhani ni mkaidi. Zunguka ukae mbele yake, umwonyeshe ishara ya mkono, mwanga wa tochi uangukie mkono wako na uso wako usimpofushe. Sema polepole bila kufoka, akuone midomo. Kufoka hakumsaidii asiyesikia. Kunaigeuza sauti kuwa mngurumo, na uso wako ukawa wa kutisha. Dakika moja ya subira yaweza kuokoa mtu kupigwa, kufungwa bure, au jambo lililo baya zaidi.

Nanyi raia mnaojijua kwamba hamsikii vizuri, msione haya. Askari akikusimamisha, weka mikono yako mahali anapoiona, gusa sikio lako, na useme kwamba husikii sawasawa. Jirani wa mtu kama huyo, mjulishe mkuu wa mtaa, ili usiku wa doria ajulikane. Uziwi uliofichwa humponza mwenyewe, lakini ukijulikana, watu humsaidia kuubeba.

Naomba kila mwenye mashine aliyeko hapa, kesho asubuhi kabla ya kuiwasha, afanye jaribio lile la urefu wa mkono pamoja na watu wake. Injini ikiwaka, amwite mmoja kwa sauti ya kawaida. Asipoitikia, asimkaripie. Aizime injini, na waanze kazi ya kuirekebisha siku hiyohiyo.

Mungu awabariki, azilinde kazi zenu, na awaachie masikio ya kuzisikia sauti za wajukuu wenu.